Hata wa Mgongoni

Methusela Nyagawa wa Kichiwa alikuwa mtu wa hasira, na majirani walikuwa wameizoea hasira yake kama walivyoizoea baridi ya Juni. Aligombana na msumari uliopinda. Aligombana na ubao uliopasuliwa kabla mti haujakauka, na aliyeupasua, na aliyemuuzia. Siku moja alimrudisha mzee wa kanisa nyumbani na benchi lake mgongoni, kwa sababu mzee alitamka kwamba mguu mmoja ukiwa mfupi kidogo si neno, litatosha tu. Kwa Methusela hakukuwa na kitu cha kutosha tu. Kitu kilikaa sawasawa, au kilivunjwa kikawa kuni.

Useremala alifundishwa misheni, na fundi aliyepima kila kitu mara tatu. Kwa miaka ishirini alitengeneza milango ya nusu ya nyumba za Kichiwa, madawati ya shule, na majeneza. Jeneza la mtoto hakulitoza hata senti moja, na ukimwuliza kwa nini alikufokea ukajuta kuuliza. Mkewe, Dorika, alikuwa mwanamke mpole wa maneno machache, na binti yao wa pekee aliyekua, Kristina, alirithi ulimi wa baba yake. Ndiyo nyumba yenyewe, na hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote ambao haukwisha jioni ileile.

Sasa sikiliza jinsi mtu wa namna hiyo alivyoingia katika jambo hili, maana mimi mwenyewe kila nikilikumbuka damu inanichemka.

Mwaka wa 1953, kabla ya mavuno, Bwana Manoli alimwita Methusela aje Makambako. Huyu alikuwa Mgiriki mwenye duka na pampu ya petroli pale njia panda, barabara ya Njombe inapokutana na ile ya Iringa na Mbeya. Alikuwa ameona huko kwao uwanja ambao watu hulipa ili wazungushwe na kuinuliwa juu kwa raha tu, akataka kuuanzisha na hapa, siku tatu kila Julai. Alitoa picha iliyokatwa gazetini, akaiweka mbele ya Methusela. Kulikuwa na gurudumu kubwa la kusimama, lenye masanduku ya kukalia watu, na pembeni yake farasi wa mbao waliopangwa duara, wanaozunguka mhimili mmoja.

Methusela aliitazama picha ile hadi chai ikapoa. Kisha akasema, "Huyu farasi wa mbele shingo yake imekosewa."

Akatengeneza farasi wanane, na shingo hazikukosewa. Alimchonga kila mmoja manyoya yake ya shingoni, mmoja akampaka nyekundu, mmoja nyeupe, wengine akawapaka oili chafu ya lori ili mchwa wasiwaguse. Gurudumu alilijenga pia, la masanduku manne, la kuzungushwa kwa mikono ya watu wawili, mmoja kila upande. Lakini moyo wake ulikuwa kwa farasi.

Mwaka huo wa kwanza kuingia uwanjani kulikuwa bure. Mtoto alilipa senti tano kupanda farasi, mtu mzima senti kumi kupanda gurudumu. Watu walikuja wengi kuliko waliofika kwenye sherehe za serikali. Wanawake wa Kichiwa walitoka jogoo la kwanza, wengine wakalala kwa ndugu zao Lyamkena ili wapate siku ya pili. Walibeba viazi vya kuchemsha na njegere kwenye vikapu, wakatandika khanga kando ya farasi, wakakaa. Mtoto akishapanda mara moja alililia mara ya pili, na mama akawa anatafuta senti tano nyingine kwenye fundo la khanga huku akigomba. Bibi mmoja mwenye meno mawili alipanda farasi mwekundu, akakataa kushuka, na hakuna aliyethubutu kumshusha. Methusela alisimama pale na patasi mkononi, akijifanya anakagua mhimili, na uso wake siku hiyo haukuwa na hasira hata kidogo.

Karibu na njia ya kutokea palikuwa na hema la karani mmoja, Alfonsi, mwandikishaji wa manamba. Kazi yake ilikuwa kupata vijana wa kwenda mashamba ya mkonge, kule Tanga. Alikuwa na meza, karatasi, wino wa kidole, na rundo la mablanketi mazito. Kwa nchi ya baridi kama ile blanketi si kitu cha kudharau, na kijana ambaye hajalipa kodi huliona blanketi lile kubwa zaidi, maana aliyeandikishwa alilipiwa kodi. Basi vijana walisogea. Lakini kila kijana alipofika mezani, mwanamke mmoja aliinuka kutoka kwenye khanga kule kwa farasi. Haikuwa lazima awe mama yake. Akiwa shangazi, akiwa jirani, akiwa mke wa mchungaji wa kanisa, alikwenda, akamshika kijana shati kwa nyuma, akamvuta hadi kwenye viazi. "Kaa hapa ule," aliambiwa, na alikaa akala. Siku tatu zilipokwisha Alfonsi alikuwa amepata watu wanne, na wawili kati yao walikuwa wapita njia.

Jioni ya mwisho Bwana Manoli alimkaribisha Methusela kwenye baraza la duka. Alikuwa mtu mtaratibu, hakupandisha sauti wala hakutukana wafanyakazi, na Methusela alimheshimu kwa sababu alilipa siku aliyosema.

"Fundi," alisema, "wanawake hawa mbona wanashinda kutwa nzima?"

"Ni farasi, Bwana," Methusela alijibu kwa majivuno. "Mtoto akishapanda hataki kushuka, na mama haondoki bila mtoto. Ukiwaondoa farasi, hutamwona mwanamke hapa."

"Na nikiweka bei kubwa ya kuingia?"

"Atajinyima chumvi mwezi mzima, atakuja." Methusela akacheka. Alikuwa ameshiba nyama ya Bwana Manoli, kazi yake imesifiwa na kila mtu, na ulimi ulikuwa mwepesi. "Labda umtoze na mtoto wa mgongoni. Hapo ndipo atabaki nyumbani, maana wote wana mtu mgongoni."

Bwana Manoli naye akacheka. Akamwongezea chai.

Mwaka uliofuata, Kristina alikuwa ameolewa na kijana wa palepale Kichiwa, Elieza, mpole, mkata magome ya miti ya miwati, mtu wa kuona haya hata kuomba maji. Alikuwa hajalipa kodi miaka miwili, na hakumwambia mtu. Kufikia Julai Kristina alikuwa na mimba ya miezi saba. Methusela naye alikuwa ametia bati jipya juu ya nyumba yake, bati ishirini alizopewa na Bwana Manoli kuwa malipo ya mbele ya kazi ya mwaka huo. Zamu hii Bwana Manoli alitaka gurudumu liwe refu zaidi, la masanduku sita.

Methusela alifika Makambako wiki moja kabla. Akaona uwanja umezungushiwa uzio wa fito za miwati, na lango moja la kuingilia, na njia moja tu ya kutokea, nyembamba, inayopita mbele ya hema la Alfonsi kama ushoroba wa kupitishia ng'ombe joshoni. Akatafuta farasi wake. Palikuwa na shimo la mhimili tu, limefukiwa.

"Wameliwa na mchwa," alisema Bwana Manoli.

Methusela alifungua mdomo kusema mchwa gani wanakula oili ya lori. Akakumbuka bati. Akaufunga mdomo, na huo ulikuwa mwanzo wa yale ambayo hakuja kujisamehe.

Siku moja kabla ya kufungua aliambiwa alainishe ubao wa tangazo. Alfonsi aliandika kwa rangi nyeusi, kwa mwandiko mzuri, na Methusela, aliyejua kusoma tangu misheni, akauinua ubao ili aupigilie langoni. Ulisema hivi: mwanamke alipe senti thelathini kuingia. Mtoto alipe senti thelathini, hata wa mgongoni. Mwanamume wa umri wa kulipa kodi aingie bure, na gurudumu apande bure.

Alisimama na nyundo mkononi. Akasoma tena pale penye mgongoni. Maneno yale aliyajua, yalikuwa yake, na sasa yalikuwa yamevaa rangi nyeusi. Mtu aliyemrudisha mzee wa kanisa na benchi lake kwa ajili ya mguu mfupi angaliuvunja ubao ule vipande vipande, na kila aliyemjua angaliapa hivyo. Lakini hakuuvunja. Aliupigilia misumari minne, yote ikaingia imenyooka.

Uwanja ulipofunguliwa, wanawake walikuja kama mwaka uliopita. Walifika langoni na vikapu vyao, wakasomewa ubao, wakafanya hesabu. Mwanamke mwenye mmoja mgongoni na wawili mkononi alitakiwa shilingi na senti ishirini ili aingie mahali ambapo hata farasi hakuna. Wengine walicheka wakidhani wanataniwa. Mmoja, Yudita, alimfungua mtoto mgongoni, akamwinua juu mbele ya mlinzi, akamwuliza, "Huyu atalipa kwa mkono upi?" Wakakaa nje barabarani kwa muda, wakala viazi vyao vumbini, kisha wakarudi makwao. Hawakurudi tena siku ya pili.

Ndani waliingia vijana, na waliingia kwa mamia. Kutoka mtaa wa Ramadhani kule Njombe mjini walikuja kwa malori, kutoka kwenye mashamba ya miwati walikuja kwa miguu. Bure ni bure. Walipanda gurudumu, wakaiona nchi yote mpaka milima, wakateremka na kizunguzungu na kicheko, na njia ya kuwatoa ilikuwa moja. Kila kijana aliyeshuka alikuta Alfonsi amekwishainuka, blanketi limekunjuliwa, akiulizwa kwa upole, "Kodi vipi, kijana?" Na hapakuwa na mtu wa kumvuta shati. Siku ya kwanza peke yake malori mawili yalijaa.

Methusela aliyaona yote kutoka juu ya jukwaa la gurudumu, alikokuwa akikamata mpini mmoja na Yosefu, msaidizi wake, akikamata mwingine. Aliyaona na akaendelea kuzungusha. Hasira ilimjaa, na kwa kuwa hakuweza kuitoa kunakostahili, aliitoa kwa Yosefu.

Siku ya pili, adhuhuri, Dorika alimletea chakula. Mlinzi alimjua, akamruhusu kupita bila kulipa. Alikuja hadi chini ya jukwaa na kikapu kichwani, akakitua chini, na badala ya kumkaribisha mumewe chakula akasema kwa sauti ndogo, "Baba Kristina, yule mtu yuko kwenye mstari."

Hakulitaja jina, na Methusela alielewa. Katika ukoo wa Dorika mama mkwe hamwiti mkwewe kwa jina. Hamtazami usoni, hapiti naye njia moja, hamsemeshi. Mchungaji alikuwa ameshasema mara nyingi kwamba hayo si lazima kwa Mkristo, na Dorika alimsikiliza kwa heshima, akarudi nyumbani akaendelea na desturi ya mama yake. Akiwa na neno kwa mkwe alimtuma mtu, na akikosa mtu aligeuza mgongo akaliambia chungu au mbuzi, na mkwe akasikia.

Methusela aligeuza kichwa. Kwenye ile njia nyembamba aliiona sweta ya bluu ambayo Kristina aliifuma mwenyewe. Elieza, aliyewaaga juzi kwamba anakwenda Njombe kwenye magome, alikuwa wa sita kutoka mezani.

"Nenda ukamzuie," alisema.

"Mimi?"

"Basi tuma mwanamke yeyote amshike."

Dorika alimtazama kwa mshangao. "Nimtume nani? Tazama mwenyewe."

Methusela alitazama. Kutoka pale jukwaani uwanja mzima ulionekana, na uwanja mzima ulikuwa vichwa vya wanaume. Hapakuwa na khanga hata moja. Hapakuwa na Yudita, wala bibi mwenye meno mawili, wala mke wa mchungaji wa kanisa. Mwanamke pekee aliyekuwemo katika uwanja ule alikuwa ndiye pekee asiyeweza kumgusa kijana yule.

"Elieza!" aliita kwa nguvu zake zote.

Vijana waliokuwa juu kwenye masanduku walidhani fundi anachangamsha mchezo. "Elieza!" wakaitikia, "Elieza!" na uwanja ukacheka. Elieza aliinua kichwa, akamwona baba mkwe wake akimtazama, na haya ikampata mbele ya watu wote wale. Akainamisha uso, akasogea mbele hatua moja.

Methusela hakuweza kuuachia mpini. Masanduku sita yalikuwa yamejaa watu, na mikono ya Yosefu peke yake isingelizuia gurudumu lisirudi nyuma na kuwamwaga. Akaanza kuwateremsha, sanduku baada ya sanduku, na kila moja lilitaka lishushwe hadi chini, mlango ufunguliwe, uzito upimwe upande wa pili. Alitukana, alisukuma, alimvuta mmoja kwa mkanda. Sanduku la kwanza, la pili, la tatu. Dorika alisimama muda wote akizungusha macho kutafuta mtu wa kumtuma. Alimshika kijana mmoja mkono, kijana akadhani anaombwa apishe njia, akapisha. Alipoona hakuna njia nyingine, alijifunika khanga kichwani mpaka kwenye macho, akaingia kwenye ile njia nyembamba kinyumenyume, mgongo mbele, vijana wakimpisha na kumcheka.

Alifika mezani akiwa ameinamisha uso, na kwa kuwa aliinamisha uso ndiyo maana aliona kilichobeba meza. Ubao wa meza ya Alfonsi ulikuwa umelazwa juu ya farasi wawili wa mbao. Mmoja mwekundu, mmoja mweupe.

Dorika hakuuliza wamefikaje pale. Aligeuza mgongo kwa mkwewe, akamwinamia farasi mwekundu, akasema wazi, "Farasi, mwambie huyo mtu mke wake ana miezi saba."

Vijana waliacha kucheka. Hata wasiokuwa Wabena kama Dorika walielewa kwamba hapa hapana mchezo.

"Farasi, mwambie kama ni kodi, ipo nyumba yenye bati. Bati huuzwa."

Elieza naye alikuwa amegeuza mgongo, kama alivyofundishwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka ardhi imfunike. "Farasi," alisema, "mwambie mama kidole nimeshaweka."

Dorika alibaki ameinama. Pale, chini ya ukingo wa ubao, aliona mkono wa mkwewe unaning'inia, na kidole gumba kilikuwa cheusi mpaka kwenye kiungo.

Methusela alifika akikimbia, sanduku la sita limeshuka. Alimtaka Alfonsi aichane karatasi. Alfonsi, bila ubaya, alimweleza kile ambacho kila mtu alikijua: mkataba ukishawekwa kidole ni sheria, na anayeutoroka hufungwa. Lori liliondoka saa tisa. Dorika alilifuata kwa miguu hadi mwisho wa maduka, akiwa amegeuza uso upande ili asimtazame mkwewe, na Elieza alikaa ndani akiwa amegeuza uso upande wa pili. Hivyo ndivyo walivyoagana.

Bwana Manoli alitoka dukani aliposikia kelele.

"Mchwa," Methusela alimwambia. "Mchwa wamekula farasi wangu."

"Fundi, wewe ni mtu mwenye akili, nitakuambia kweli," alisema Bwana Manoli, taratibu kama siku zote. "Uwanja ni mmoja, lakini kila bei huleta watu wake, na kila chombo huleta watu wake. Farasi walileta akina mama, na karani alinilipia nafasi yake akaondoka mikono mitupu. Gurudumu la bure likaleta watu anaowataka. Ya wanawake kulipa niliifikiria mwenyewe. Ya mtoto wa mgongoni ulinipa wewe."

Hakulisema kwa kejeli. Alilisema kama mtu anayemrudishia mwenzake patasi aliyoazima, na hilo ndilo lililomchoma Methusela kuliko matusi.

Alirudi kwenye gurudumu. Mhimili wake ulishikwa na kabari moja ya mti mgumu, na hakuna mwingine aliyejua ilipo wala ilivyokatwa. Aliitoa kwa nyundo, akaitia mfukoni, na tangu hapo gurudumu halikuzunguka. Kisha alikwenda mezani, akainua ubao na kuusukumia kando, mablanketi na karatasi zikamwagika, akajitwika farasi mwekundu begani. Watu walimpisha. Alipofika langoni akasimama mbele ya tangazo, na wote wakadhani sasa atalivunja. Alilitazama, akapita.

Siku ya nne tarishi wa serikali alikuja Kichiwa kumkamata. Methusela alilala ndani siku kumi na nne, na bati zote ishirini zilishushwa paani kulipa deni la Bwana Manoli. Kijiji kizima kilimpokea alipotoka. Wazee walimpa mkono, wanawake wakaleta njegere na mayai. Fundi aliyelinyamazisha gurudumu la Mgiriki, walisema. Fundi aliyemwaga mablanketi. Kanisani aliombewa kwa jina, na Methusela aliyekuwa hanyamazi kwa msumari uliopinda alisimama pale katikati ya sifa zile, kimya.

Mtoto alizaliwa Septemba, msichana, wakamwita Lucia. Farasi mwekundu alisimamishwa barazani, na mama mkwe aliyekosa mkwe wa kumpelekea maneno aliendelea kumpa farasi. "Farasi, mwambie huyo mtu mtoto ameota jino." "Farasi, mwambie amesimama leo." Dorika hakuwa amerukwa na akili. Hakuwa na njia nyingine ya kumsemesha kijana yule, na hakutaka mazungumzo yakatike.

Barua ilifika moja, imeandikwa na mtu mwingine kwa niaba. Elieza alisema siku za homa hazihesabiwi kwenye kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, kwa hiyo mkataba ulikuwa unarefuka badala ya kufupika. Alisema anasalimu. Mwaka wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha.

Kristina hakulia sana, alikasirika. Na hasira yake, kama ya baba yake, ilitaka mtu wa kumwelekea. Alimtukana Bwana Manoli mara moja tu, maana alisema tajiri kazi yake ni kutafuta mali. Alimwita Alfonsi mtumwa. Lakini kulikuwa na mmoja ambaye hakumjua, na huyo ndiye aliyemlaani kila asubuhi alipomfunga Lucia mgongoni kwenda shamba. "Aliyekaa akafikiria kumtoza mtoto wa mgongoni," alisema, akikaza fundo la khanga kifuani, "huyo si tajiri, huyo ni mtu aliyewajua akina mama. Angalikuwapo mwanamke mmoja mle ndani, mume wangu angalivutwa shati. Mungu amwone popote alipo."

Methusela alikuwa palepale, hatua tatu, na randa mkononi. Aliisikia laana ile asubuhi moja, mbili, mia. Alikwenda nyuma ya nyumba akapasua kuni ambazo hazikuhitajika. Kuni zilijaa ukuta mzima, majirani wakadhani anajiandaa kwa harusi. Aligombana na kila aliyemsifu. Mzee mmoja alipoanza tena habari za kabari, Methusela alimwambia kama hana la maana aende zake, na mzee akaenda akimsifu kwa unyenyekevu wake.

Asubuhi moja ya Agosti, mwaka wa tatu, umande ukiwa bado mzito, Kristina alimtia Lucia mgongoni ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea, akashika khanga, akaanza. "Aliyekaa akafikiria..."

Methusela aliweka randa chini. Alitembea hadi barazani. Dorika, aliyekuwa akimenya viazi, alimwona mumewe akimgeuzia binti yake mgongo, akimwinamia farasi mwekundu, mkono mmoja juu ya ile shingo aliyoichonga, na kisu kikamsimama mkononi.

"Farasi," alisema Methusela, "mwambie Kristina. Aliyesema mtoto wa mgongoni atozwe ni baba yake. Alisema akicheka, ameshiba. Na ubao aliupigilia yeye."

Hakugeuka. Alisikia fundo la khanga likifunguliwa, na miguu ya mjukuu wake ikigusa ardhi. Alingoja afokewe. Alikuwa amemlea binti yule akafoka kwa kila kitu, akamtarajia afoke na sasa, na alilitaka hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Kristina alisogea. Alisimama upande wa pili wa farasi, naye akageuza mgongo.

"Farasi," alisema, "mwambie baba nimesikia."

Kisha akamshika Lucia mkono, wakaenda shamba. Na tangu siku hiyo, chumvi ikitakiwa, mlango ukiharibika, mtoto akiumwa, Kristina hakuwa na neno lolote kwa baba yake ambalo hakulipitisha kwa farasi.